Siki, Tochi na Dakika Moja

Siki ninayoizungumzia hapa ni hiyohiyo ya kachumbari. Mtaalamu wa maabara atanirekebisha: kliniki hutumia asidi ya asetiki iliyopimwa, ya asilimia 3 hadi 5, si chupa iliyofunguliwa mwezi uliopita ikabaki pembeni ya jiko. Marekebisho nayapokea. Lakini kilicho ndani ni kilekile, na harufu inayobaki chumbani baada ya kazi humkumbusha mtu chakula zaidi ya hospitali.

Kazi yenyewe ni fupi. Mwanamke hulala chali, magoti juu. Nesi huingiza kifaa chenye umbo la mdomo wa bata, akakipanua taratibu hadi aone mlango wa kizazi: kitu cha mviringo, chenye rangi ya waridi na kitundu katikati. Huchovya pamba kwenye siki, akapaka, akasubiri dakika moja, kisha akamulika kwa tochi. Pale ambapo seli zimeanza kuharibika hugeuka peupe; palipo pazima hubaki na rangi yake. Basi. Hakuna sindano wala mashine, na umeme ukikatika kazi inaendelea. Mumbai, India, watafiti wa Hospitali ya Tata Memorial waliufuatilia uchunguzi huu kwa miaka 12 miongoni mwa wanawake wapatao 150,000. Waliopaka siki hawakuwa madaktari. Walikuwa wahudumu waliofundishwa kwa wiki chache. Mwaka 2013 matokeo yalitangazwa: katika kundi lililochunguzwa, vifo vya saratani ya mlango wa kizazi vilikuwa pungufu kwa asilimia 31. Kwa siki.

Sasa weka hesabu nyingine kando ya hiyo. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliipa Tanzania wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 wa saratani hii na vifo zaidi ya 6,500 katika mwaka mmoja. Kenya ilikadiriwa vifo 3,211, karibu tisa kila siku. Dunia nzima, mwaka 2022, walikuwa wagonjwa wapya wapatao 660,000 na vifo 350,000, na kati ya kila vifo 100 takriban 94 vilikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Australia nayo inatarajia kwamba kufikia mwaka 2035 ugonjwa huu utakuwa nadra kiasi cha kuacha kuhesabiwa tatizo la afya ya jamii.

Hadithi ya sungura na kobe kila mtoto anaijua, na kila mtoto anajua kwamba kobe hakushinda kwa mbio. Saratani ya mlango wa kizazi ni kobe. Tangu virusi viingie hadi saratani kamili hupita kwa kawaida miaka 15 hadi 20, muda wa kumzaa mtoto, kumsomesha na kumwona akijaza fomu za chuo. Katika miaka yote hiyo kuna mahali pa kuusimamisha ugonjwa, tena pengi. Tatizo ni kwamba kila mahali hapo panatudai tuseme jambo tulilozoea kulinyamazia, na sisi kwa kunyamaza ni mabingwa.

Hata jina lenyewe lina mtego. Tanzania tunasema mlango wa kizazi, wengine shingo ya kizazi. Kenya utasikia mlango wa uzazi. Kitabibu ni sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, inayochungulia ndani ya uke. Lakini neno kizazi kwa Kiswahili halikai hospitali peke yake. Kizazi ni ukoo, ni wajukuu, ni jina la baba mkwe litakaloendelea au litakalokatika. Mtaani, mwanamke akisemwa ana matatizo ya kizazi, watu hawafikirii seli. Wanafikiri hazai, na wapo wanaoanza kumtafutia mume wake mke wa pili kabla chai haijapoa. Kwa hiyo daktari akitamka «saratani ya mlango wa kizazi», mgonjwa anaweza kusikia neno jingine kabisa: talaka. Na eneo lote tumeliita sehemu za siri, siri tuliyoitunza vizuri mno hata mwenyewe hakuambiwa.

Ndiyo maana dalili hupita mbele ya macho bila kutambuliwa. Hatua za awali, zile zinazotibika kwa dakika chache, hazina dalili yoyote. Mwanamke analima, anauza vitenge, anacheza ngoma. Baadaye huja damu baada ya tendo la ndoa, damu katikati ya mwezi isiyo ya hedhi, au damu kwa mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi miaka kadhaa. Hii ya mwisho inasikitisha kipekee, maana nimesikia akina mama wakiipokea kwa furaha kidogo, kana kwamba ujana umerudi kuchukua kitu ulichosahau. Huja pia majimaji yenye harufu mbaya na maumivu ya nyonga au kiuno. Ugonjwa ukisonga mbele zaidi, miguu huvimba na mkojo hupita kwa shida.

Katikati ya dalili hizo na hospitali pana kituo kimoja kikubwa: duka la dawa. Hapo mwanamke ataambiwa ana yuti-ai, kwa kuwa siku hizi yuti-ai ndiyo jina la kila kinachouma chini ya kitovu. Atapewa vidonge vya siku tano. Visipofaa atapewa vya fangasi, halafu vya aina nyingine vyenye bei ya juu kidogo. Baada ya hapo simu yake, ambayo husikia kila kitu, itaanza kumletea matangazo ya dawa za kusafisha kizazi: unga, chai, vijiti vya kuingiza. Kizazi si sufuria. Hakihitaji kusuguliwa, na hakuna mvuke wala unga uliowahi kuondoa virusi hivi. Ila miezi inayopotea kwenye msururu huo ni ya kweli, na mwisho wa msururu mara nyingi ndipo mtu anapokutana na tochi kwa mara ya kwanza.

Kwamba ugonjwa huu una uhusiano na tendo la ndoa si habari mpya. Mwaka 1842 daktari wa Italia, Domenico Rigoni-Stern, aliyepekua kumbukumbu za vifo za mji wa Verona, aliandika kwamba saratani ya kizazi iliwaua wanawake walioolewa na kuwakwepa watawa. Ilichukua zaidi ya karne moja kujua kilichokuwa kinapita. Miaka ya 1970 wengi waliamini ni virusi vya hepesi. Mjerumani Harald zur Hausen alishikilia kwamba ni virusi vya papiloma, HPV, ndugu wa vile vinavyootesha chunjua mikononi mwa watoto, na kwa miaka kadhaa hakupata wa kumuunga mkono. Mwaka 1983 maabara yake iliitambua aina ya 16 ndani ya saratani yenyewe, na mwaka uliofuata aina ya 18. Aina hizo mbili peke yake hubeba takriban asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi. Mwaka 2008 alipata nusu ya Tuzo ya Nobel ya tiba. Nusu ya pili ilikwenda kwa Wafaransa Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier, waliogundua VVU. Kamati ya Stockholm haikuwa ikifikiria Mbeya wala Kisumu ilipoviweka virusi hivyo viwili kwenye jukwaa moja, lakini huku kwetu ndiko vinakokutana kila siku, ndani ya mwili uleule.

Aina ya 18 ilipatikana pia mahali palipojulikana sana: ndani ya seli za Henrietta Lacks. Huyu alikuwa Mmarekani mweusi, mama wa watoto watano, aliyefika Hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore mapema mwaka 1951 akilalamikia damu na uvimbe aliokuwa akiuhisi mwenyewe. Oktoba mwaka huohuo alifariki, akiwa na miaka 31. Kipande cha uvimbe wake kilichukuliwa bila yeye kuombwa ruhusa, na seli zake zikaendelea kuzaliana maabara, hadi leo. Zinaitwa HeLa. Zimetumika katika utafiti wa polio, wa VVU, na wa virusi vilevile vilivyomuua. Kwa miaka mingi ndugu zake hawakuwa na habari.

Mwaka uliofuata, Julai 1952, saratani hii ilimuua mwanamke aliyekuwa na kila alichokosa Lacks: Eva Perón, mke wa rais wa Argentina, miaka 33. Alikuwa na madaktari, fedha na taifa zima likimwombea. Hakuambiwa jina la ugonjwa wake. Hata daktari wa upasuaji aliyeletwa kutoka New York alimfanyia kazi akiwa usingizini na kuondoka bila mgonjwa kujua kwamba ndiye aliyemkata. Na kuna jambo wasimulizi wa kisa hiki hulipita haraka. Mke wa kwanza wa Juan Perón, Aurelia Tizón, naye alifariki kwa saratani ya kizazi, mwaka 1938. Wake wawili, mume mmoja. Huo si ushahidi wa kupeleka mahakamani; virusi hivi vimeenea mno hata kunyoosheana vidole hakuna maana, kwani watu wengi walioanza kujamiiana hukutana navyo wakati fulani maishani. Naleta kisa hiki kwa sababu moja: katika mazungumzo yetu yote kuhusu saratani hii, bango lina picha ya mwanamke, kipeperushi kina picha ya mwanamke, na mwanamume, kama anaonekana kabisa, anaonekana tu kama msindikizaji.

Hapo inafaa kusema wazi, kwa ajili ya amani ya nyumba. Mwanamke kukutwa na HPV si ushahidi wa uzinzi, wa kwake wala wa mumewe. Virusi vinaweza kukaa kimya miaka mingi, na mtu mwenye mwenza mmoja maisha yake yote anaweza kuvipata. Kondomu hupunguza hatari bila kuiondoa, kwa kuwa virusi hukaa kwenye ngozi ambayo kondomu haiifuniki yote. Tohara ya mwanamume nayo husaidia. Utafiti wa Rakai, Uganda, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba wenza wa wanaume waliotahiriwa walipata maambukizi machache zaidi. Husaidia, narudia. Sisi wa pwani, ambako jando lilimaliza kazi zamani, bado tunazika.

Habari njema ni kwamba mwili wenyewe hupigana. Maambukizi mengi, takriban tisa kati ya kumi, huondolewa na kinga ya mwili ndani ya miaka miwili bila mwenyewe kujua kama aliwahi kuwa na mgeni. Kasheshe ni yale machache yanayobaki. Mlango wa kizazi una mstari ambapo seli za ndani hukutana na seli za nje, na hapo seli hubadilika kila wakati kutoka aina moja kwenda nyingine. Ni mpaka, na kama mipaka yote, magendo hupitia hapo. Virusi vikishajificha katika seli za mpakani hutengeneza protini mbili, wataalamu wanaziita E6 na E7, ambazo kazi yake ni kuwalewesha walinzi. Seli ya kawaida ikiharibika ina walinzi wanaoiamuru isimame au ife. Walinzi wakilala, seli mbovu huzaa seli mbovu, mwaka hadi mwaka. Sigara huichochea safari hiyo. Kuzaa mara nyingi na kuanza kujamiiana mapema huongeza hatari pia.

Kinachoikata safari hiyo nusu ni VVU. Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya saratani hii mara sita ya mwenzake asiye navyo, na ile miaka 15 hadi 20 kwake inaweza kuwa mitano hadi 10. Kobe anapewa pikipiki. Dawa za kufubaza virusi humrudishia kinga sehemu ya nguvu zake, na hiyo ni sababu mojawapo ya kutokatisha dozi, ila haziondoi haja ya kuchunguzwa. Shirika la Afya Duniani linashauri aanze akiwa na miaka 25, na kwa vipindi vifupi zaidi. Wengine waanze miaka 30. Mwanamke anayekwenda CTC, kliniki ya VVU, kuchukua dawa zake anajulikana kwa jina, ana kadi, ana tarehe ya kurudi. Hakuna kundi lililo rahisi kulifikia kuliko hilo, na mara nyingi chumba cha siki kiko kwenye korido hiyohiyo. Akitoka bila mtu kumwelekeza, kosa si lake.

Chanjo ilianzia Queensland, Australia, mwaka 1991, pale Ian Frazer na Jian Zhou walipofanikiwa kutengeneza ganda la virusi lisilo na virusi ndani. Fikiria kifuu kilichokunwa nazi yote: kwa nje ni nazi, lakini hakioti. Mwili hukiona kifuu, hujifunza sura yake, na siku nazi yenyewe ikija huikuta imeshasubiriwa. Zhou alifariki mwaka 1999. Chanjo iliidhinishwa mwaka 2006.

Afrika, Rwanda ndiyo iliyotangulia kuipeleka nchi nzima, mwaka 2011, ikiwafikia zaidi ya wasichana tisa kati ya kumi waliolengwa. Ilipitia shuleni, na wale wasiokuwa shuleni walitafutwa na wahudumu wa afya wa vijijini, wanaojua kila nyumba ina nani. Tanzania ilianza kwa majaribio Kilimanjaro mwaka 2014, ikaenda nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Kenya ilianza Kitui mwaka 2013, kisha uzinduzi wa kitaifa ukafanyika Mombasa Oktoba 2019, kwa wasichana wa miaka 10.

Umri huo ndio unaowakera wazazi. «Mwanangu bado mtoto,» anasema baba, «haya mambo ya nini?» Ndiyo sababu hasa. Chanjo hii haitibu maambukizi yaliyokwisha kuingia. Faida yake kubwa iko kabla. Mkanda wa gari hufungwa gari likiwa bado limesimama stendi, na sijasikia mzazi akilalamika kwamba kumfunga mtoto mkanda ni kumfundisha kupata ajali. Matokeo ya kutosubiri sasa yanahesabika. Uskoti, utafiti uliotoka mwaka 2024 haukukuta hata mgonjwa mmoja wa saratani hii miongoni mwa wanawake waliochanjwa kikamilifu wakiwa na miaka 12 au 13.

Halafu uvumi. Mkubwa kuliko wote unasema chanjo inafunga uzazi, na mdogo wake unasema Wazungu wanatufanyia majaribio. Wa kwanza una jibu jepesi: wasichana wa Rwanda wa mwaka 2011 sasa ni wanawake wazima, na wodi za wazazi Kigali hazijabaki tupu. Wa pili unahitaji subira kidogo, kwa sababu majaribio yalikuwepo. Nayaeleza kwa fahari.

Swali lilikuwa hili: je, ni lazima dozi mbili au tatu? Kwa nchi maskini, dozi ya pili ndiyo inayoua mpango. Ni safari nyingine ya gari, sanduku jingine la barafu, orodha nyingine ya shule, na msichana aliyekwisha kuhamia kwa shangazi. Mwanza, kuanzia mwaka 2017, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 walipewa, kwa ridhaa yao na ya wazazi, dozi moja, mbili au tatu, kisha damu yao ikapimwa kuona kingamwili zilizojengeka. Kenya, wanasayansi akiwemo Nelly Mugo wa taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, waliwaandikisha wasichana na wanawake vijana 2,275, wa miaka 15 hadi 20, Kisumu, Thika na Nairobi. Wale ambao mwanzoni hawakupewa chanjo ya HPV walipewa chanjo ya homa ya uti wa mgongo, na zamu yao ya HPV ikaja baadaye. Matokeo yalitoka mwaka 2022. Mwanza, karibu wasichana wote waliopata dozi moja walikuwa na kingamwili baada ya miaka miwili. Kenya, dozi moja ilizuia maambukizi ya kudumu ya aina za 16 na 18 kwa asilimia 97.5 baada ya miezi 18.

Mwisho wa mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilikubali dozi moja. Septemba 2023 Uingereza ikahamia dozi moja kwa vijana wake. Mwaka 2024 Tanzania nayo ikaingia dozi moja, kwa wasichana wote wa miaka 9 hadi 14. Kwa hiyo mtoto wa Manchester anachomwa sindano moja badala ya mbili, na sehemu ya ushahidi unaompa nafuu hiyo ilitoka kwenye mikono ya wasichana wa Mwanza, Thika na Kisumu. Nani amemfanyia nani majaribio, hapo mwenye uvumi atafafanua.

Chanjo lakini haimhusu mama aliyekwisha kufika miaka 40, naye ndiye anayeugua leo. Kwake kuna siki, na sasa kuna kitu bora zaidi. Siki hutegemea jicho la nesi, na jicho huchoka. Tena baada ya kukoma hedhi ule mpaka niliousema hurudi ndani ambako tochi haifiki. Kipimo cha vinasaba vya HPV hutafuta virusi vyenyewe. Kikisema hakuna, mwanamke asiye na VVU anaweza kukaa miaka mitano hadi 10 kabla ya kupima tena. Uzuri wake mwingine ni kwamba sampuli anaweza kuichukua mwenyewe: anapewa kijiti chenye brashi laini, anaingia faragha, anakiingiza, anakizungusha, anakirudisha kwenye kichupa. Magoti hayainuki mbele ya mtu. Kwa sisi tuliolelewa kwa stara, hilo ni zaidi ya urahisi, na ningependa kuona wizara zetu zikilichangamkia kwa kasi ileile zinayochapishia mabango.

Lengo la dunia, lililotangazwa Novemba 2020, ni kwamba ifikapo mwaka 2030 wasichana 90 kati ya 100 wawe wamechanjwa kabla ya miaka 15, wanawake 70 kati ya 100 wawe wamepimwa kwa kipimo cha uhakika kufikia miaka 35 na tena kufikia 45, na 90 kati ya 100 wa waliokutwa na ugonjwa wawe wametibiwa. Namba ya kati ndiyo inayonitia mashaka. Chanjo inamfuata msichana shuleni. Kipimo kinamtaka mwanamke aache biashara, aombe nauli na aeleze anakwenda wapi.

Asiyeeleza mapema huishia kueleza mbali. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iko ufukweni kwenye jengo la hospitali ya enzi za Wajerumani, na upepo wa Bahari ya Hindi hupita bure kwenye veranda zake. Wengi wanaofika pale na saratani hii hufika hatua ya tatu au ya nne, wakati upasuaji peke yake hautoshi tena. Matibabu huwa mionzi ya nje, karibu kila siku kwa wiki tano hivi, pamoja na dawa ya dripu mara moja kwa wiki, kisha mionzi ya ndani inayowekwa karibu na uvimbe wenyewe. Sasa Hospitali ya Bugando kule Mwanza nayo inatoa mionzi, na hilo limempunguzia mama wa Kigoma safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kuja Dar. Lakini wiki tano bado ni wiki tano: nani atapika nyumbani, nani atalipa chumba, nani atakaa naye akitapika. Bili ya hospitali si gharama yote.

Mlinganishe na yule aliyekutwa na weupe mdogo kwenye siki. Yeye hutibiwa siku hiyohiyo, juu ya kitanda kilekile. Nesi huweka kifaa kilichopashwa joto la nyuzi 100 na zaidi kidogo, kwa chini ya dakika moja, kikaunguza seli mbovu. Vituo vingine hugandisha kwa gesi badala ya kuunguza. Kuna maumivu kama ya hedhi, kisha anashuka, anavaa, anakaa kitini kusikiliza maelekezo.

«Mama, utatokwa na majimaji wiki kadhaa, usiogope. Ukiona damu nyingi au homa, rudi. Na kwa mwezi mzima usikutane na baba.»

«Mwezi mzima, nesi?»

«Mwezi mzima.»

Kimya kidogo. Asubuhi aliaga anakwenda sokoni. Nesi hamuulizi kitu. Anavuta droo, anachukua pakiti ya kondomu na kuitia ndani ya bahasha pamoja na kadi ya kurudi, endapo mwezi utamshinda mtu fulani.

«Akikataa kuelewa,» anasema, «mwambie aje mwenyewe nimweleze. Mlango uko wazi mpaka saa tisa.»